Hita ya Bi Zuhura

Kuna harufu ambayo wengi wenu ikiwapitia puani hamtaijali: harufu ya vumbi la siku nyingi linapopata joto ghafla, imechanganyika na mpira na chuma. Mwaka huu, asubuhi moja ya baridi kali nikiwa safarini Makete, dereva aliyenibeba alisukuma kitufe kwenye dashibodi na harufu hiyo ikatoka kwenye matundu ya hewa mbele yangu. Akaniomba radhi, akasema hita haijawashwa siku nyingi. Nikamwambia, tafadhali usiizime. Nikafumba macho, na papo hapo nikawa mtoto wa darasa la tatu, nimekaa kwenye kiti cha mbele cha gari kuukuu pale Mabira, magoti yamejaa vumbi na moyo unanienda mbio.

Mliokulia Karagwe nyakati zile, kabla Kyerwa haijawa wilaya peke yake, mnaijua baridi ninayoisema. Ukungu ulikuwa unalala mabondeni mpaka jua linapanda kabisa. Tulikwenda shule tumefunga kanga za mama zetu shingoni, miguu peku kwenye umande, na hatukuwa na habari kwamba hiyo ni shida. Mtu mmoja tu nilimsikia akiilalamikia baridi ile kila alfajiri, kwa sauti, kama anayegombana na jirani mkorofi. Huyo alikuwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa mke wa Mzee Haruna, mwenye duka la chumvi, sabuni, vitenge na mafuta ya taa pale senta. Mzee Haruna alizaliwa huku huku kwetu, ila Bi Zuhura alitoka Tanga, kwenye mashamba ya mkonge, ambako baba yake alikuwa dereva wa malori. Alivaa kanga mbili juu ya gauni, sweta la mumewe juu ya kanga, na soksi za sufu ndani ya ndala. Mimi nilimpelekea maziwa kila asubuhi. Sisi tulikuwa Wakristo, watu wa jembe. Baba alitoka Rwanda akiwa kijana kutafuta vibarua, akapata kibanja cha migomba, na mwishowe ng'ombe. Nyumbani tulisema Kinyarwanda, jirani walisema Kinyambo, na Kiswahili changu kilikuwa cha darasani, kikavu kama chaki. Cha Bi Zuhura kilitiririka. Nadhani nilikuwa nachelewa kuondoka pale ili nikisikilize tu.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, Espe mwanangu. Ingia ndani, ati, usisimame kwenye jokofu hilo la Mungu."

Ubavuni mwa duka, chini ya kibanda cha mabati, kulikuwa na gari lao. Lilikuwa refu, rangi ya maziwa yaliyoganda, na Mzee Haruna alilinunua kwa mhandisi wa kizungu aliyekuwa amemaliza kazi ya barabara na kurudi kwao. Mzee aliliendesha kwa hofu. Bi Zuhura, aliyefundishwa usukani na baba yake kati ya mistari ya mkonge, aliliendesha kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Watu walitoka kwenye vibanja kumtazama mwanamke wa Kiislamu mwenye ushungi akikata kona ya senta kwa mkono mmoja.

Katikati ya dashibodi palikuwa na vishikio vidogo vya kusukuma kushoto na kulia, na juu ya kimojawapo ulichorwa mstari ulioanzia kwenye buluu na kuishia kwenye nyekundu. Chini yake kulikuwa na swichi yenye picha ya feni, na nyingine yenye alama niliyodhani ni ua. Siku moja niliuliza mstari ule ni wa nini. Bi Zuhura alikuwa amekumbatia kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili. Akasema, "Huku kwenye buluu ndiko tuliko. Huko kwenye nyekundu ni Tanga. Kishikio hiki kikifanya kazi siku moja, wallahi nitafika Tanga bila kushuka kwenye gari."

Nilimwamini neno kwa neno. Mwalimu wetu alikuwa ametundika ramani darasani, nami nilijua kwamba mstari wenye rangi ni njia ya kwenda mahali. Kwa hiyo nilielewa kwamba gari hili lilikuwa na njia ya mkato ya kwenda Pwani, nayo imeharibika.

Mwanzoni mwa likizo kukazuka ugomvi. Maji ya rejeta yalikuwa yakipungua kila siku, na Mzee Haruna alishaona mkosaji ni nani.

"Ni hiyo hita yako," alisema. "Haitoi joto, ila maji inanywa. Injini ikiungua tutalia. Nikirudi kutoka Bukoba naikata ile mipira yake miwili, naiziba, basi."

"Ukiikata, na mimi unikatie tiketi ya Tanga."

"Hita ya nini kwenye nchi ya jua? Ungenisaidia kutengeneza kiyoyozi ningekuelewa. Mtu akisafiri mpaka Mwanza, apate hewa safi kama waziri."

Akapanda lori la kahawa, akaondoka. Bi Zuhura alisimama akilitazama mpaka likapotea. Kisha akanigeukia. "Espe, shule si mmefunga? Kesho ukileta maziwa, kamwombe mama yako ruhusa. Tuna kazi."

Sikulala vizuri. Nilijiona tayari nimeshika kishikio, migomba ya Mabira inarudi nyuma dirishani na minazi inakuja mbele.

Mama aliniruhusu. Siku zile alikuwa mjamzito, anachoka haraka, na nadhani alifurahi nipate pa kushinda. Nilipofika nilimkuta Bi Zuhura amejifunga kibwebwe, bisibisi na plaisi zimepangwa kwenye sinia la chai. Alinieleza jambo zima kabla hajagusa kitu, na hakunieleza kama mtoto. Injini ikifanya kazi, alisema, maji yake yanachemka. Sehemu ya maji hayo inapita kwenye mpira mmoja, inaingia kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, inatoka kwa mpira wa pili na kurudi. Feni inapuliza hewa kwenye rejeta ile ndogo, hewa inatoka na joto. "Vitu viwili tu," alisema. "Maji ya moto yafike, na upepo uvume. Tutafute kipi hakipo."

Nilisikitika kidogo kwamba hakuitaja Tanga, nikajua ni siri ya mwisho.

Tukaanza na upepo. Alizungusha ufunguo nusu, akabonyeza swichi ya feni. Kimya. Akafungua kisanduku chini ya usukani, akachomoa fyuzi, akaiinua kwenye mwanga. Waya wake mwembamba ulikuwa umekatika katikati. Dukani kwao hapakuwa na fyuzi, na Kayanga ilikuwa mbali. Alifikiri, kisha akabonyeza ile swichi yenye ua.

"Hiki ndicho kiyoyozi cha mume wangu. Hebu katazame mbele, mkanda wake upo?"

Nilichungulia chini ya boneti. Kulikuwa na gurudumu la chuma lenye mfereji, tupu, limeota kutu. Mkanda haukuwepo; baadaye nilikuja kujua kwamba Mzee mwenyewe aliutoa akauhamishia mashine ya kusaga.

"Haupo!"

"Basi kiyoyozi hakihitaji fyuzi. Baridi tunayo nje, tena bure." Akachomoa fyuzi ya kiyoyozi, akaipachika mahali pa ile iliyokufa.

Alipobonyeza tena swichi ya feni, dashibodi ilinguruma. Mmmm. Nikaruka nyuma. Bi Zuhura akazima upesi. "Inataka kuzunguka, kuna kitu kimeishika. Ukiiacha hivyo inaungua." Akalala chali kwenye sakafu ya gari, miguu yenye soksi ikining'inia nje, akafungua kifuniko cha feni kwa bisibisi. Zikaanza kumwagika nyuzi za magunia, vipande vya majani makavu ya migomba, maganda ya kahawa, mabawa ya senene, wale panzi wa kukaanga. Ilikuwa nyumba ya panya, imejengwa kwa ustadi mkubwa, na wenyewe walishahama. Nilichota kwa viganja, nikatupa nje, nikachota tena. Tukadhani tumemaliza.

"Bonyeza, Espe."

Nilibonyeza. Vyote tulivyokuwa hatujavitoa vilitoka kwa mkupuo kwenye matundu ya hewa: maganda, mabawa, vumbi la mhandisi wa kizungu na la Mzee Haruna, vikamfunika Bi Zuhura uso mzima na ushungi. Alikaa akiwa na ubawa wa senene juu ya mdomo. Nilidhani atanichapa. Akapiga kelele, "Inavuma! Espe, inavuma!" nami nikapiga kelele pia, tukawa tunapiga kelele wote wawili ndani ya gari lililosimama, mpaka mteja wa chumvi akaja kuuliza nani amekufa.

Lakini upepo ulikuwa wa baridi. Kesho yake tukaanza kutafuta maji. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto, akafungua boneti na kunionyesha ile mipira miwili inayopenya kwenye ukuta wa gari kwenda ndani.

"Gusa huu. Haraka haraka."

"Wa moto!"

"Na huu?"

"Wa baridi."

Uso wake uling'aa. "Basi maji yanafika mlangoni na mlango umefungwa. Koki ni hii hapa. Nenda ndani, sukuma kishikio kwenye nyekundu."

Nilikisukuma kile kishikio chote, toka buluu mpaka mwisho wa nyekundu, nikafumba macho.

"Sukuma!" alipaza sauti kutoka mbele.

"Nimesukuma!"

"Mbona koki haitikisiki?"

Nikafumbua macho. Nje kulikuwa na mbuzi yule yule wa pale senta na ukuta ule ule wa duka. Kishikio, Bi Zuhura aligundua, kilikuwa kimefungwa kwenye waya mrefu, na waya huo ndio uliopaswa kuivuta koki. Ulikuwa umetoka kwenye kibanio chake nyuma ya dashibodi, kwa hiyo kishikio kilitembea peke yake kama mtu anayekokota kamba isiyo na ng'ombe. Tulipokezana kuingiza mkono mpaka tukaupata. Kibanio chenyewe kilikuwa kimevunjika, akakunja kipande cha spoku ya baiskeli, akatengeneza kingine. Koki nayo ilikuwa imekamatwa na kutu. Tukaidondoshea mafuta ya taa, tukaiacha inywe mpaka kesho yake. Wakati tukisubiri, aliona tone la maji likining'inia kwenye maungio ya mpira, akakaza kibano chake kwa bisibisi mpaka tone likakauka. "Mnywa maji wa Mzee Haruna ndiye huyu," alisema. "Hakuwa hita. Ni kibano kilicholegea."

Siku ya tatu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kutoka dukani huoni barabara. Koki ilikubali kugeuka kwa plaisi, ikalia kwanza, kisha ikalainika. Tukaingia ndani ya gari, tukafunga milango. Injini ilikuwa imeshapata moto. Bi Zuhura alisema, "Bismillahi. Sukuma, mwanangu."

Nilisukuma. Safari hii kishikio kilikuwa kizito, kina kitu upande wa pili. Upepo ulitoka baridi, ukawa vuguvugu, ikaja ile harufu ya vumbi linaloungua, na nyuma yake likaja joto. Joto la kweli! Lilinipanda miguuni, nikahisi vidole vyangu vinafunguka kimoja kimoja. Sikuwahi kujua kwamba miguu yangu ilikuwa na baridi mpaka asubuhi ile. Vioo vikaanza kutoa jasho. Nikapangusa changu kwa kiwiko, nikatoa macho nje, nikisubiri.

"Unatafuta nini?" Bi Zuhura aliuliza.

"Tanga. Mbona haiji?"

Alinitazama, akaelewa, akacheka mpaka akalaza paji la uso kwenye usukani. Alicheka muda mrefu. Kisha cheko likabadilika, na alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa. Akanivuta akanikumbatia, sweta lake likinuka mdalasini na mafuta ya taa. "Imeshakuja, Espe," alisema. "Ngoja nikae nayo kidogo."

Mzee Haruna aliporudi alipitisha mkono kwenye mipira, akaitazama rejeta iliyojaa maji, akaingizwa ndani ya gari na kufungiwa mlango. Tulisimama nje tukimtazama kupitia kioo. Alivua koti. Akavua kofia. Mwishowe akashusha dirisha, uso unang'aa kwa jasho, akauliza, "Na fyuzi yangu ya kiyoyozi iko wapi?" Habari ya kuikata mipira haikutajwa tena.

Likizo haijaisha, mvua zikiwa zimeshika kasi, Mama aliumwa uchungu kabla ya wakati. Baba alimpeleka zahanati alfajiri, nami nikafuata nyuma nimebeba vitenge. Nilikaa kwenye benchi la nje nikisikiliza. Sauti ya mtoto sikuisikia. Kisha nesi alitoka na kuzungumza na Baba kwa haraka, Kiswahili cha kazini, nami nilidaka maneno machache.

"Ni njiti. Anatakiwa hospitali sasa hivi, na anatakiwa joto njia nzima. Nimemfunga kifuani kwa mama yake, lakini mama amepoteza damu, mwenyewe anatetemeka. Ukimpandisha kwenye gari la wazi na baridi hii, hafiki."

Njiti kwangu ilikuwa kitu kimoja tu: kile kijiti cha kiberiti chenye kichwa chekundu. Nilishangaa, lakini nilikuwa nimezoea kushangazwa na Kiswahili. Mama amezaa mtoto wa namna ya kiberiti. Ndiyo maana wanataka joto.

Baba alinishika bega. "Espe, kimbia kwa Bi Zuhura. Mwambie kama nesi alivyosema."

Nilikimbia kwenye tope, nikianguka na kuinuka, nikilirudia lile neno lisinipotee. Bi Zuhura alikuwa akifungua duka. Nilisema yote kwa pumzi moja: ni njiti, hospitali, joto njia nzima. Alimwita mumewe, na Mzee Haruna, aliyekuwa akilinda petroli ya kwenye pipa kuliko macho yake kwa jinsi ilivyokuwa haipatikani siku zile, alikuja na mpira wa kunyonyea akajaza tangi. Bi Zuhura aliwasha injini, akaiacha ingurume, milango imefungwa, hita imesukumwa mwisho, mpaka ndani ya gari kukawa kama jikoni wakati wa kupika maandazi. Ndipo tukaondoka.

Mama alitolewa zahanati amefunikwa mablanketi. Uso wake ulikuwa wa kijivu na meno yanagongana. Kifuani, chini ya gauni, kulikuwa na kivimbe kidogo kilichofungwa kwa pamba na kanga, na juu yake kofia ndogo kama ya kufunika chupa. Baba akakaa naye nyuma. Mimi nilitaka kukaa naye pia, lakini Bi Zuhura akasema, "Fundi mwenzangu anakaa mbele."

Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Bi Zuhura alikuwa na mikono miwili kwenye usukani, jambo nililoliona kwa mara ya kwanza. Jasho lilimtiririka chini ya ushungi. Baba alivua koti, akafungua vifungo vya shati. Nyuma yangu, taratibu, meno ya Mama yaliacha kugongana. Nilipaswa kufurahi, lakini kadiri joto lilivyozidi ndivyo hofu ilivyonipanda. Niligeuka kila mara kutazama ile kofia, nikinusa kama kuna moshi. Mwishowe sikuweza kuvumilia.

"Bi Zuhura, tupunguze kidogo. Atawaka."

"Nani atawaka?"

"Mtoto. Si ni njiti?"

Gari liliyumba. Bi Zuhura alicheka kwa mshangao, akajaribu kujizuia akashindwa, na nyuma Baba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kama changu, alimtafsiria Mama maneno yangu kwa Kinyarwanda. Nikasikia sauti ambayo sikuitegemea: Mama anacheka. Cheko dhaifu, lenye maumivu, lakini cheko. "Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake," Bi Zuhura aliniambia. "Hawaki, mwanangu. Yeye ndiye anayeweza kuzimika. Kwa hiyo usiguse hicho kishikio."

Nilikilinda kishikio kile kwa macho yangu yote.

Tulikuwa tumeshapita mteremko mrefu, tumefika sehemu ambayo maji ya mvua yalichimba mfereji katikati ya barabara, gari liliporuka na kutua kwa kishindo. Kitu kilisema tak! nyuma ya dashibodi. Kishikio kikalegea. Nilikigusa kwa kidole, kikateleza peke yake, chepesi, na upepo miguuni kwangu ukaanza kupoa.

"Waya umetoka," nilisema. "Umeisukuma koki, imejifunga."

Bi Zuhura alisimamisha gari. Alijaribu kuingiza mkono nyuma ya dashibodi, nami nikajaribu. Kile kibanio cha spoku kilikuwa kimepotelea huko ndani. Vioo vilianza kupata ukungu. Mama alisema kitu kwa sauti ya chini, na Baba akakirudia kwa Kiswahili, polepole, kila neno likimtoka kwa shida: "Anasema, miguu ya mtoto inapoa."

Bi Zuhura aliendelea kupapasa, midomo ikisoma dua. Mimi nilikuwa nakitazama kishikio, ule mstari wa buluu na nyekundu, na ghafla nikauona ulivyo: rangi tu, zilizopakwa juu ya bati. Mlango wa joto haukuwa pale. Ulikuwa mbele, chini ya boneti, na nilishaugusa.

"Bi Zuhura! Waya wa nini? Tukafungue koki yenyewe kwa plaisi, tuiache wazi!"

Alinitazama kwa nukta moja, mdomo wazi. "Ee Mola," alisema, akachukua plaisi.

Tuliruka nje kwenye mvua. Mimi niliushikilia waya uliolegea usiingie kwenye feni ya injini, yeye akainama juu ya mvuke, ushungi umelowa, akaibana koki na kuigeuza. Iligoma. Akaongeza mkono wa pili, chuma kikamchoma kidole akapiga ukelele, lakini hakuachia, na koki ikageuka mpaka mwisho. Nikagusa mpira wa pili. Ulikuwa wa baridi. Nikagusa tena. Vuguvugu. Nikagusa tena nikauachia haraka.

"Wa moto! Unapita, Bi Zuhura, unapita!"

Tulirudi ndani tukichuruzika maji, tukafunga milango, na joto likatoka kwenye matundu kwa nguvu kuliko mwanzo. Baba alinyoosha mkono kutoka nyuma, akauweka kichwani kwangu, akauacha hapo muda mrefu. Bi Zuhura alikinyonya kidole chake, akatia gia, na kuanzia hapo aliendesha huku akiimba nyimbo za harusi za kwao, kwa sauti kubwa, mimi nikiitikia maneno nisiyoyajua, gari likipanda vilima kama limesikia.

Hospitalini nesi mwenye miwani alikuja mbio na blanketi. Alipofungua mlango wa nyuma, lile joto lilimpiga usoni, miwani ikafunikwa yote na ukungu, akarudi nyuma hatua moja. "Mmewasha jiko humu?" Alimchukua Mama kwa mkono, na sisi wote tukafuata mpaka mlango wa wodi, tumelowa, wawili kwa mvua na mmoja kwa jasho.

Nesi alimfungua mtoto kwenye meza. Ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza: mwekundu, mwenye mikunjo, miguu myembamba kama kalamu. Akamtia kipimajoto kwapani. Tukasubiri. Bi Zuhura alikuwa amenishika mkono, na kidole chake kilichoungua kilikuwa kinanidunda kiganjani. Nesi alikichomoa kipimajoto, akakitazama, akapangusa miwani kwa pindo la gauni, akakitazama tena.

"Mmetoka wapi?"

"Mabira," Baba alijibu.

"Na mvua hii?" Akatikisa kichwa. Akamfunika mtoto vizuri, akamgeukia Mama. "Joto analo. Sasa ni kazi yetu kumfundisha kunyonya."

Baba alikaa chini pale pale sakafuni. Bi Zuhura akaanza kupiga kigelegele, akakumbuka yuko wodini, akajiziba mdomo kwa ushungi. Na mdogo wangu, ambaye tangu azaliwe hakuna aliyekuwa amesikia sauti yake, akakunja uso, akavuta pumzi mpaka mbavu zikahesabika, akalia kwa nguvu zake zote mpaka wagonjwa wa mwisho wa wodi wakainuka vitandani kutazama ni nani huyo aliyefika.